Kwa nini kumbi ndogo za bendi unasikia vyombo tu, sauti ya mwimbaji hamna? Tujadili kitaalamu

#1 Mpenzi wa Dansi

Wakuu, salaam.

Chukua kilabu chochote kidogo cha mjini chenye bendi inayopiga laivu, ukumbi wa watu 80 mpaka 150. Iwe Sinza, Kinondoni, Westlands, kokote. Gitaa la solo unalisikia, drams unazisikia mpaka kifuani, besi inatikisa chupa mezani. Mwimbaji unamwona mdomo tu unafunguka. Ukitaka kushika maneno inabidi usogee mita 2 kutoka kwenye spika, na hapo masikio yanauma.

Dai langu ni kwamba mitambo si midogo. Kumbi nyingi zina mitambo mikubwa kuliko inavyohitajika. Jukwaa lenyewe lina kelele kabla hata miksa (mtambo wa kuchanganya sauti) haijawashwa. Anayepinga aje na hoja, na namba kama anazo.

Nawasilisha.

#2 FundiMitambo_Ilala

Naunga mkono. Drams zikipigwa kwa nguvu kwenye chumba kidogo, bila maiki hata moja, zinafika desibeli 100 na zaidi kwa aliyekaa meza za mbele. Ili maneno yashikike, sauti ya mtu lazima ipande juu ya hapo. Sasa ongeza ampu tatu za gitaa, yale maboksi yanayokuza sauti yake. Utaisukuma sauti ya mwimbaji mpaka maiki ianze kupiga mluzi, na bado haitoshi.

Kosa ninalolikuta zaidi ni ampu ya gitaa kuwekwa chini sakafuni, imeelekea magotini mwa mpigaji. Masikio yake yako mita 1 na nusu juu, hajisikii vizuri, anaongeza. Ule ukali wote wa sauti unapita katikati ya miguu yake na kwenda kumchoma aliyekaa meza ya tatu. Dawa yake haina gharama: pandisha ampu juu ya kreti la bia, ilaze nyuma kidogo, iangalie kichwa cha mpigaji. Atapunguza mwenyewe bila kuombwa.

Pia mpangilio wa kujaribu mitambo umegeuzwa. Wengi wanaanza na ngoma ya mguu, nusu saa inaisha kwenye drams, mwimbaji anapewa dakika 5 za mwisho. Kwenye ukumbi mdogo anza na sauti. Pandisha maiki zote za waimbaji mpaka zikaribie kulia, shusha desibeli 3, hapo ndipo dari yenu. Vyombo vingine vyote vipande mpaka chini ya dari hiyo, visiivuke.

#3 Tumba Nne

Mnawaonea wapiga gitaa. Mnalaumu watu na ukumbi upo pale pale.

Tuchukue ukumbi wa mita 12 kwa 8, kwenda juu mita 3.5. Ujazo ni mita za ujazo 336. Ukijumlisha sakafu, dari na kuta unapata mita za mraba 332. Zege na plasta iliyopakwa rangi inanyonya sauti kidogo sana, tuseme asilimia 4. Hiyo ni sawa na mita za mraba 13 tu za unyonyaji kamili. Kanuni ya Sabine ya muda wa mwangwi: 0.161 mara ujazo, gawa kwa unyonyaji. Jibu ni sekunde 4.

Sekunde nne silabi inazunguka chumbani kabla haijafa. Mwimbaji anatamka silabi nne au tano kwa sekunde moja. Kwa hiyo kila silabi inaimbwa juu ya maiti za silabi kumi na tano au zaidi zilizotangulia. Hata ampu uziweke juu ya mnazi, hutapata maneno hapo.

#4 Sikio la Kenge

Mkuu Tumba Nne, hesabu yako ni ya ukumbi mtupu. Mtu mmoja aliyesimama na nguo zake ananyonya kama mita ya mraba 0.45 kwenye sauti za kati. Watu 100 ni 45. Jumlisha na 13 zako inakuwa 58, na mwangwi unashuka mpaka chini kidogo ya sekunde 1. Huo ni ukumbi mzuri kabisa wa muziki.

Ila hapo ndipo pana mtego. Watu wananyonya sauti za kati na za juu. Kwenye besi ya chini, hezi 125 kushuka, mtu ananyonya nusu ya hapo au pungufu. Kwa hiyo ukumbi ukijaa, maneno yanakauka haraka lakini besi inabaki inazunguka. Fundi aliyepanga mitambo saa 11 jioni ukumbi ukiwa mtupu, saa 5 usiku anakuta besi imemzidi na sauti za juu zimeliwa. Asiporudi kwenye miksa akapunguza chini, lawama zinamwangukia mwimbaji.

#5 Kinondoni Usiku

Mmeanza kugawa na kuzidisha, sisi tuliolipa kiingilio tunataka jambo moja. Nikae wapi?

#6 FundiMitambo_Ilala

Kinondoni Usiku, swali zuri kuliko yote.

Kaa katikati kati ya spika mbili kubwa, kama theluthi mbili ya ukumbi kutoka jukwaani. Usiegemee ukuta wa nyuma, besi inajikusanya ukutani, na kwenye kona inajikusanya zaidi. Usikae mstari mmoja na ampu ya solo. Ukiona miksa ipo ndani ya ukumbi, kaa jirani nayo, maana fundi anapanga kwa masikio yake pale alipo. Miksa ikiwa imefichwa kando ya jukwaa au nyuma ya kaunta, jua fundi anakisia tu.

Mbele kabisa ya jukwaa usitegemee kusikia sauti ya mwimbaji. Spika kubwa zimekupita pembeni, unachosikia ni ampu na drams kavu.

#7 Binti Ridhimu

Mbona hakuna aliyegusa maiki? Nusu ya waimbaji wanaikumbatia kichwa cha maiki kwa kiganja. Maiki ya mwimbaji ina matundu nyuma ya wavu, ndiyo yanayoifanya isisikie upande wa nyuma. Ukiyaziba kwa mkono inaanza kusikia pande zote, monita (spika ya jukwaani ya mwimbaji kujisikia) inaingia, mluzi unaanza, fundi anashusha sauti. Mwimbaji akiona hajisikii anaikumbatia zaidi.

Shika mpini. Mdomo uwe sentimita 2 mpaka 5 kutoka wavuni. Ukiisogeza kutoka sentimita 3 mpaka 6 umeshapoteza karibu desibeli 6, ambayo ni sawa na fundi kushusha fada yako (kitelezi cha sauti kwenye miksa) mpaka hausikiki kwenye sebene, ile sehemu ya gitaa kuchachamaa. Wanaocheza na maiki kiunoni wanajinyima sauti wenyewe.

Na monita iwekwe pembeni nyuma ya maiki, pembe ya nyuzi 120 hivi kutoka mbele yake. Maiki ya SM58 haisikii pale.

#8 Sikio la Kenge

Dada hoja yako nzuri, ila hapo mwisho si sahihi. Shure SM58, iliyoko sokoni tangu 1966, ni ya umbo la moyo: inasikia kidogo kuliko kote nyuma kabisa, nyuzi 180. Monita yake iwe mbele ya mwimbaji moja kwa moja, ikitazama mkia wa maiki. Za pembeni, nyuzi 120 kwenda 130, ni zile za umbo la moyo uliobanwa, kama Beta 58A. Hizo zina mdomo mdogo wa kusikia kwa nyuma pia, ndiyo maana ukiweka monita nyuma kabisa zinalia.

Wenye mchanganyiko wa maiki za aina mbili jukwaani wanapata shida hii kila wiki.

#9 Binti Ridhimu

Sawa mkuu, nimekupata. Kwa hiyo tuandike vizuri: tazama kwanza maiki ni ipi, ndipo uhamishe monita.

#10 Vyombo Vya Mkopo

Mnazungumza ufundi, tatizo ni pesa na muda.

Bendi ndogo isiyo na mfadhili haina mitambo. Inakodi, au inatumia ya ukumbi. Ya ukumbi ilinunuliwa kwa ajili ya DJ: sabufa mbili kubwa, spika mbili za juu ambazo twita moja (kispika cha sauti nyembamba) imeungua. Muziki uliokwisha rekodiwa unasikika vizuri tu kwenye mitambo hiyo kwa sababu sauti ilishapangwa studio. Ukiweka bendi ya watu 9, ile twita iliyoungua ndiyo iliyotakiwa kubeba konsonanti za mwimbaji. S, sh, t, k zote zinaishi kilohezi 2 kwenda juu. Bila hizo unasikia irabu tupu.

Kipimo kwa mwenye ukumbi: cheza wimbo wenye sauti ya mtu tupu, sogeza sikio kwenye kila spika, moja moja. Ikiwa ya kushoto ina sauti za juu na ya kulia imeziba kama mtu ana mafua, twita imekufa. Kubadilisha koili yake ni bei ndogo kuliko kununua sabufa ya tatu, lakini sabufa ndiyo wanayonunua.

Zamani hili halikuwepo. Bendi ya Msondo ilipoanza 1978 vyombo vilikuwa vya shirika, wanamuziki walilipwa mshahara, na fundi alikuwa wa bendi, anaijua kila nyimbo.

#11 Mpenzi wa Dansi

Umechanganya mkuu. Msondo ni NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, ya 1964. Baadaye ikawa JUWATA, kisha OTTU. Ya 1978 ni Mlimani Park, Sikinde. Kuwachanganya hawa wawili hapa jukwaani ni hatari.

Hoja yako ya fundi wa bendi ni ya kweli lakini. Fundi anayejua kuwa beti ya pili inaimbwa na watu watatu anapandisha maiki kabla hawajafungua mdomo.

#12 Vyombo Vya Mkopo

Asante kwa sahihisho. Hoja inasimama: bendi huru za leo zinapigiwa miksa na mtu anayezisikia mara ya kwanza.

#13 Mbeba Box Minneapolis

Huku Marekani vilabu vidogo vimelitatua hilo la fundi mgeni kwa karatasi moja. Mfano 7th St Entry hapa Minneapolis, chumba kidogo cha watu kama 250 pembeni ya First Avenue. Usiku mmoja zinapiga bendi tatu, fundi ni wa nyumba na huenda hajazisikia hata moja. Kila bendi inatuma mapema mchoro wa jukwaa na orodha ya njia za miksa: njia ya 1 ngoma ya mguu, ya 2 sneya (ngoma ya katikati ya drams), mpaka sauti ya mwisho, nani anahitaji monita ya nini, nani anaimba akiwa anapiga gitaa, nani ana kinanda cha njia mbili. Fundi anasoma, anafunga nyaya kabla hamjafika.

Drams na ampu ya besi mara nyingi ni za pamoja, mpigaji anakuja na sneya yake, matoazi na pedali. Kubadilishana bendi ni dakika 20 mpaka 30, vitu vinateremshwa vyote kwanza ndipo mnakunja nyaya pembeni, siyo juu ya jukwaa. Milango saa 1 usiku, bendi ya kwanza saa 2, ya mwisho saa 4. Aliyepanga kufika saa 5 anakuta wanafagia.

Bendi ya mwisho ndiyo inayojaribu mitambo ya kwanza, ya ufunguzi inajaribu ya mwisho na vyombo vyake vinabaki pale pale. Sijui kwa nini huko nyumbani tunafanya kinyume.

#14 Kinondoni Usiku

Saa 4 mmeshamaliza? Huku saa 4 mpiga besi ndiyo anatafuta waya.

#15 Mkaazi wa Ngara

Habari zenu kutoka Nairobi. Nimesoma yote na nadhani mumekosa kiini. Ni mpangilio wa muziki wenyewe.

Bendi ya rhumba ina gitaa za solo, mi-solo (gitaa la kati) na ridhimu, besi, kinanda, pengine saksafoni. Gitaa tatu na kinanda zote zinakaa kati ya hezi 300 na kilohezi 4. Sauti ya mtu inakaa hapo hapo. Hata kila chombo kikiwa cha chini, wanne wakicheza mfululizo wanamfunika mwimbaji. Wazee walilijua hili: wakati wa kuimba, mi-solo inapumua, drams zinakaa kwenye ukingo wa sneya na haiheti tu, mpulizaji ananyamaza. Moto unangoja sebene, ambapo mwimbaji amemaliza. Vijana wanapiga sebene kuanzia beti ya kwanza.

Kwa fundi: chujio la kukata sauti za chini kwenye kila maiki ya sauti, hezi 120 kushuka. Toa desibeli 3 hivi kwenye gitaa kati ya kilohezi 2 na 4, usiongeze kwa mwimbaji. Toa kidogo hezi 250 mpaka 400 kwenye sauti ikiwa ina mvumo wa pipa. Mpiga kinanda aondoe mkono wa kushoto, besi ipo tayari.

#16 Tumba Nne

Hilo la mpangilio nalikubali nusu. Lakini bendi hiyo hiyo, nyimbo zile zile, ukiihamishia bustanini chini ya mwembe maneno yanasikika. Gitaa hazikupungua. Kilichoondoka ni kuta.

#17 FundiMitambo_Ilala

Bustanini drams nazo zinapoteza desibeli 6 kila umbali unapoongezeka mara mbili na hazirudi. Kwa hiyo mfano wako unanisaidia mimi pia: kelele ya jukwaa inakufa, zinabaki spika.

#18 Juma Tatu Usiku

Samahani kwa kuchepuka. Kuna muungurumo usioisha kwenye spika hata bendi haipigi. Kinanda kikichomekwa ndiyo unazidi. Ni nini?

#19 Sikio la Kenge

Muungurumo wa hezi 50 na ndugu yake wa 100 ni umeme wa ukutani umeingia kwenye njia ya sauti. Kinanda kimechomekwa soketi ya jukwaani, miksa soketi ya kaunta, ethi zao zinakutana mbali, na waya wa sauti unakuwa njia ya pili ya ethi. Chomeka jukwaa na miksa kwenye chanzo kimoja kupitia kebo moja nzito. Ikishindikana, pitisha kinanda kwenye boksi la DI (kisanduku cha kuunganisha chombo na miksa) lenye swichi ya kutenganisha ethi.

Usikate waya wa ethi kwenye plagi. Kuna mafundi wanafanya hivyo na muungurumo unakwisha kweli. Ampu ikija kupata hitilafu, umeme unapita kwenye nyuzi za gitaa, unaingia mkononi, na mdomo uko kwenye maiki yenye ethi. Mtu anakufa jukwaani.

#20 Juma Tatu Usiku

Nimeelewa, asante sana.

#21 Binti Ridhimu

Nirudi kwa Tumba Nne. Ukumbi ukishakuwa wa zege, mwenye nao afanye nini? Wengi wanabandika trei za mayai.

#22 Tumba Nne

Trei za mayai zinanyonya kidogo kwenye sauti za juu tu, sauti za kati na besi zinapita kama hazipo. Bora pazia zito, limekunjwa kunjwa hadi kitambaa kiwe mara mbili ya upana wa ukuta, lining'inie sentimita 10 au 15 kutoka ukutani. Anza na ukuta wa nyuma unaotazamana na jukwaa, kisha nyuma ya drams. Paneli za pamba ya mwamba unene wa sentimita 10 ni bora zaidi na pamba hiyo haishiki moto. Chini ya drams weka zulia.

Msibandike sifongo la magodoro. Naliandika hili kwa uzito. Kilabu cha The Station, Rhode Island, Februari 2003: fataki za jukwaani ziliwasha sifongo la ukutani wakati bendi inapiga, walikufa watu 100. Kiss, mjini Santa Maria, Brazil, Januari 2013: sifongo la dari, fataki tena, walikufa 242. Sifongo la namna ile linatoa moshi wa sumu, na watu hawafiki mlangoni. Ukiingia kilabu chochote, kabla hujaagiza kinywaji tafuta mlango wa pili uko wapi na kama una kufuli.

#23 Mbeba Box Minneapolis

Kweli kabisa. Na tusisahau masikio. Kiwango ni desibeli 85 kwa saa 8, kila ikiongezeka 5 muda unagawanywa kwa mbili. Kwa hiyo desibeli 100 unaruhusiwa saa 1.

#24 Sikio la Kenge

Umeunganisha kanuni mbili za huko huko kwenu. Ya NIOSH, taasisi ya utafiti wa afya kazini, ni 85 kwa saa 8, muda unakatwa nusu kila desibeli 3: 88 saa 4, 91 saa 2, 94 saa 1, 97 nusu saa, 100 dakika 15. Ile ya 5 ni ya OSHA, wasimamizi wa sheria za usalama kazini, inaanzia 90, na kwa 100 inatoa saa 2. Ya kwanza ndiyo inayolinda sikio. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 liliweka kwa kumbi za burudani wastani usiozidi desibeli 100 ndani ya dakika 15, pamoja na kutoa vizibo vya masikio na sehemu tulivu ya kupumzikia.

Kizibo cha sifongo: kisokote kiwe chembamba, mkono wa pili uvute sikio juu na nyuma, ingiza, shikilia nusu dakika kijae. Kinazuia sana lakini kinakula sauti za juu, maneno yanazidi kupotea. Vya chujio, vinavyopunguza desibeli 15 mpaka 20 kwa usawa, vinafaa zaidi kwa muziki, na kwenye ukumbi wenye kelele maneno yanashikika vizuri kuliko bila kizibo. Karatasi ya chooni haizuii cha maana.

#25 Mkaazi wa Ngara

Wakuu, tupime badala ya kubishana. Zima miksa yote. Bendi ipige beti moja ya wimbo wao wa kawaida, mwimbaji asimame kimya. Wewe simama kaunta uongee na jirani kwa sauti ya kawaida. Msiposikizana, Mpenzi wa Dansi na Fundi wako sahihi, jukwaa ni kelele. Mkisikizana, basi ni vyombo kugombania nafasi moja, kama nilivyosema #15.

#26 Tumba Nne

Kipimo hicho ukikifanya ukumbi mtupu utamfunga asiye na kosa. Kwa hesabu za #3 na #4, unyonyaji unatoka 13 kwenda 58 watu wakiingia, hiyo peke yake ni tofauti ya desibeli 6 na kidogo kwenye mwangwi. Lazima kifanyike saa 5 usiku watu wamejaa.

#27 FundiMitambo_Ilala

Saa 5 usiku hakuna mwenye ukumbi atakayekuruhusu kuzima miksa. Fanya wakati wa mapumziko kati ya seti ya kwanza na ya pili: watu wapo, mpiga drams na wa solo warudi dakika 2 kabla ya wengine, wapige peke yao.

#28 Vyombo Vya Mkopo

Na kabla ya hapo, sikiliza zile twita.